Kamba, belti au cheni, na juu uweke turubai gani? Ulinganisho kwa wenye malori ya flatibedi (bodi tambarare isiyo na kuta za pembeni)

Hili swali linarudi kila mtu anaponunua trela lake la kwanza, au anapopata dili la mzigo ambao hajauzoea: nifunge na nini? Dukani utaambiwa belti za racheti (zile za kukaza kwa mkono wa chuma wenye meno) ndo kila kitu siku hizi, dereva mzee atakwambia kamba imemlea na imesomesha wanae, na yule anayebeba magreda atawacheka wote wawili halafu akuonyeshe cheni zake. Hakuna anayedanganya hapo, kila mmoja anaongelea mzigo wake. Shida inaanza pale unapochukua jibu la mtu wa nondo unaenda nalo kwenye magunia ya mahindi.

Kabla ya yote tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya mno: kufunga na kufunika. Kufunga ni kuuzuia mzigo usitembee. Kufunika ni kuuzuia usilowe, usipeperuke, usionekane na kila mtu barabarani. Turubai hata ulikaze mpaka likigongwa lilie kama ngoma, halizuii tani kumi za mabomba zisije kukusalimia kwenye kebini ukikanyaga breki ya ghafla. Utaona lori limefunikwa vizuri linapendeza, chini ya turubai mzigo haujashikwa na chochote, dereva anasema "nimefunga". Hajafunga huyo, amefunika.

Jambo lingine ambalo nataka ulishike mapema maana bila hilo ulinganisho wote hauna maana. Kamba au belti inayopita juu ya mzigo haiushiki mzigo, inaugandamiza chini tu, na kinachouzuia usiteleze ni msuguano wa mzigo na bodi. Kiwango cha Ulaya, EN 12195-1, kinataka ufungaji wako uweze kuhimili asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwenda mbele na asilimia 50 kwenda pembeni na kurudi nyuma. Wa mbele ndo mkubwa kwa sababu ya breki, wa pembeni ni kona, wa nyuma ni kuondoka na kupanda mlima. Kwetu huku hata kama hakuna anayekukagua kwa hicho kiwango, fizikia ya kushuka Kitonga ni ileile.

Naangalia nini

Vigezo vyangu ni hivi na nitavitumia kwa kila kifungio ili tusioneane: nguvu ya kukaza (inagandamiza au inavuta kiasi gani kweli, achana na maneno ya muuzaji), jua na mvua inavihimili vipi, muda wa kufunga na kufungua, inautendeaje mzigo wenyewe, wizi, halafu bei pamoja na inavyochakaa. Mwisho wa kila kimoja nasema kinamfaa nani. Turubai litakuwa na vigezo vyake kidogo tofauti, tutafika.

Kamba

Nguvu: hapa ndo udhaifu wake ulipo tusidanganyane. Kamba nyingi tunazonunua madukani hazina lebo, hujui inakatika kwa kilo ngapi, unakadiria kwa unene na kwa imani. Lile fundo la madereva, lile la kutengeneza kitanzi juu, unapitisha ncha kwenye ndoano ya chini ya bodi unairudisha kwenye kitanzi halafu unaning'inia nayo, kwenye karatasi linazidisha nguvu yako mara tatu, lakini kamba inasuguana na kamba kwenye kile kitanzi kwaio sehemu kubwa ya hiyo nguvu inaliwa hapohapo. Na fundo lenyewe, la aina yoyote ile, linaweza kupunguza uwezo wa kamba mpaka karibu nusu. Kamba inashika mzigo mwepesi vizuri kabisa. Mzigo wa tani nyingi inaupamba tu.

Jua na mvua inategemea kamba gani. Ya katani ikilowa inavimba na kufupika, inakaza yenyewe, unafurahi, halafu jua likitoka inakauka na kulegea na wewe uko kilomita 60 mbele unapiga stori na utingo. Manila za plastiki hazinywi maji ila jua linazila, ukiipinda ukaona vinyuzi vinakatika na kutoa kama unga basi hiyo imekufa, itumie kuanikia nguo. Nailoni ina nguvu sana lakini inavutika, na ikilowa inavutika zaidi, kwaio uliyoikaza Ubungo sio hiyo utakayoikuta Chalinze.

Muda: kwa anayejua, kamba ndo ya haraka kuliko zote. Inafunguka kwa kuvuta ncha moja, haihitaji chombo, haina chuma cha kushika kutu. Kwa utingo mpya ni mateso, atakufungia mafundo ya kufungia ng'ombe na kufungua itabidi kisu.

Kuutendea mzigo, hapa kamba inawashinda wenzake wote. Magunia, magodoro, viroba, samani za watu wanaohama, mikungu ya ndizi, vyote vinapenda kamba maana haiwezi kukaza kiasi cha kuumiza, na unaweza kuipitisha sehemu za ajabuajabu ambako belti haifiki. Wizi: kisu kimoja na imeisha. Bei: rahisi, inapatikana kila kona hata saa saba usiku Tunduma, na ikikatika hulii.

Inamfaa anayebeba mzigo mwepesi wenye umbo la ovyo, anayefunga na kufungua mara nyingi kwa siku, na kila mtu mwenye turubai, kwa sababu turubai halifungwi na kitu kingine. Hata mwenye cheni za mamilioni ana kamba chini ya kiti.

Ile mipira ya kukata kwenye tyubu za matairi naiweka hapahapa. Ni mizuri kwa kubana kingo za turubai zisipige kelele, inavutika na kurudi. Kufungia mzigo hapana.

Belti za racheti

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanapotapeliwa na namba.

Nguvu: belti ya kawaida ya lori ina upana wa milimita 50, na ikiwa ya kiwango ina lebo. Kwenye lebo utaona LC 2500 daN ikivutwa moja kwa moja, au 5000 ikizungushwa kwenye mzigo. daN moja chukulia ni kilo moja tu. Sasa mtu akiona 5000 anasema belti mbili nimeshika tani kumi, twende. Hapana mkuu. Hiyo LC ni uwezo wa belti kuvutwa, haina maana kwamba wewe umeikaza kwa kiasi hicho. Namba ya kutafuta ukiwa unapitisha belti juu ya mzigo ni STF, ile nguvu inayobaki kwenye belti ukishapiga racheti kwa mkono. Racheti fupi nyingi zinakupa 300 hivi, zile za mkono mrefu zinaweza kufika 500.

Tupige hesabu ya haraka bila hata kuweka ziada ya usalama. Mzigo wa tani 10 umekaa kwenye bodi, msuguano tuseme 0.3, yaani bodi inaushika kwa asilimia 30 ya uzito unaoigandamiza. Breki inadai 0.8 (ile asilimia 80), msuguano umekupa 0.3, pengo ni 0.5, yaani kilo 5,000 inabidi zitoke kwenye kugandamiza. Belti yenye STF 300 inavuta pande mbili kwaio inagandamiza kilo 600, zidisha 0.3 unapata 180. Elfu tano gawa kwa 180 ni belti 28. Nani ana belti 28? Sasa usogeze huo mzigo mpaka uguse ukuta wa mbele wa trela, ukuta wa maana lakini sio bati la urembo, ukuta ubebe kazi ya mbele na wewe ubaki na kona tu. Pengo la pembeni ni 0.2, kilo 2,000, belti 12. Afadhali. Halafu weka mikeka ya raba chini, msuguano unaweza kupanda mpaka 0.6, pengo la pembeni kwenye karatasi linaisha kabisa, na mbele hata usipokuwa na ukuta unabaki na kilo 2,000 ambazo belti 6 zinatosha. Kutoka 28 mpaka 6 kwa sababu ya raba! Ndo maana mtu akiniuliza anunue belti gani namuuliza kwanza chini ana nini.

Kingine ni pembe. Hesabu ya juu inachukulia belti inashuka karibu wima. Mzigo ukiwa mfupi na mpana, belti inalala, na ikifika nyuzi 30 kutoka kwenye bodi nguvu ya kugandamiza inabaki nusu. Na upande usio na racheti siku zote unapata pungufu maana kona za mzigo zinakula, ndo maana wajuzi wanabadilisha, racheti moja kulia inayofuata kushoto.

Jua na mvua: nyingi ni polyesta, lebo yake ya bluu kwa viwango vya Ulaya (kijani ni nailoni, kahawia polipropilini). Polyesta haivutiki sana na maji hayaisumbui, jua linaichosha taratibu. Adui yake ni alkali, na saruji iliyolowa ni alkali, kwaio mtu wa saruji aoshe belti zake kwa maji mengi sio kuzirundika na vumbi kwenye boksi. Nailoni ndo kinyume, inaogopa asidi, usiiweke karibu na betri.

Muda: kati na kati. Kurusha, kupitisha, kupiga racheti, dakika chache kwa belti moja, na hata mgeni anajifunza siku hiyohiyo. Racheti zikiingia mchanga na kutu zinagoma, mafuta kidogo yanasaidia.

Kuutendea mzigo: inakaza sana kwenye mstari mwembamba, kwaio maboksi inayakunja na magunia inayakata kiuno. Weka kona za plastiki au vipande vya mbao. Na mzigo wenye kingo kali unaikata yenyewe, bati, marumaru, bomba la kukatwa kwa msumeno. Belti iliyokatwa zaidi ya asilimia 10 ya upana wake ni ya kutupa, na belti iliyofungwa fundo katikati ili "iendelee" nayo ni ya kutupa leo leo.

Wizi: kisu pia, ila racheti zenyewe ndo zinaibiwa zaidi ukilala bila kuangalia. Bei: juu ya kamba, chini ya cheni, na feki ni nyingi. Isiyo na lebo iliyoshonewa nailinganisha na kamba nene, siipi heshima zaidi ya hapo.

Inamfaa anayebeba mzigo uliopangika: paleti, saruji, mbao, mabomba, vyuma vilivyofungwa bando, na mwenye safari ndefu zinazofanana kila wiki. Kama ukinunua kifungio kimoja kwa ajili ya mizigo mingi tofauti, wengi wataishia hapa, ila usikariri.

Cheni

Nguvu: hakuna ubishi. Cheni ya daraja la 80 (ndo ubora wa chuma chake), yenye unene wa milimita 8 ina LC 4000 daN, ya 10 ni 6300, ya 13 ni 10000. Na matumizi yake ni tofauti, cheni huipitishi juu ya mzigo kuugandamiza, unaifunga moja kwa moja kutoka kwenye jicho la mashine mpaka kwenye jicho la trela, nne kwa pembe nne, zinavutana mbele na nyuma. Hapo ndo LC yote inafanya kazi, hesabu za msuguano zinapungua umuhimu. Angalizo moja tu, jicho la trela lenyewe lina uwezo gani? Nimeona cheni ya 13 imefungwa kwenye kijindoano cha kamba, ukivuta kinachobaki mkononi ni cheni na ndoano yake.

Jua, mvua, joto la injini, kingo kali: haijali. Kutu inatokea lakini inachukua miaka. Muda: taratibu. Cheni ya milimita 10 yenye mita 6 ina kilo kama 13, sasa zidisha nne, ongeza na baindo zake (vile vyuma vya kukazia cheni), halafu unazibeba juani Kasumbalesa. Baindo ya mkono mmoja ile ya kubinua ni ya haraka lakini ukiifungua vibaya inarudi na nguvu zote za cheni, taya na mikono ya watu imevunjika hivo, na ukiongezea bomba ili upate nguvu ndo unaomba matatizo. Baindo ya racheti ni polepole, ila unalala na meno yako.

Kuutendea mzigo: ni katili. Inakwangua rangi, inabonyeza mabomba membamba, na chuma kwa chuma inateleza, inabidi uweke mbao au raba katikati. Wizi: kisu hakifui dafu, ila cheni yenyewe ni chuma chakavu chenye soko, ihesabu kila asubuhi. Bei: inauma siku ya kununua kisha unaisahau, mpaka pingili ipinde, irefuke zaidi ya asilimia 3 au iliwe zaidi ya asilimia 10 ya unene wake, hapo istaafu.

Inamfaa anayebeba mashine zenye matairi au nyayo, transfoma, magogo makubwa, vyuma vizito vya kipande kimoja. Mtu wa magunia akinunua cheni amenunua uzito wa kutembea nao. Na uzito unahesabika: mizani za Afrika Mashariki zinakupa mwisho tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba, ukiwa na kilo mia tatu za cheni za kupendezea hizo ni mifuko sita ya saruji uliyoikataa.

Haya, turubai

Hapa vigezo ni: linazuia maji, linapumua, uzito wa kulipandisha, linashonwa vipi likichanika, na linadumu juani. Chukua trela la mita 12 kwa 2.5, mzigo umepanda mita 2. Ili lifunike juu na pande zote unahitaji mita 16 kwa 6.5, eneo la mita za mraba 104. Hiyo namba itatusaidia.

PVC, zile nzito za gramu 680 kwa mita ya mraba, turubai hilo litakuwa na kilo 70 hivi. Kipande kimoja hicho watu wawili wanalia, ndo maana wengi wanagawa mawili. Maji hayapiti kabisa. Likichanika linagundishwa kiraka kwa moto au gundi mafundi wapo kila mji. Ubaya wake halipumui: ukipakia mahindi yenye unyevu huko Makambako asubuhi ya baridi halafu ukashuka nayo kwenye joto la Morogoro na Dar, jasho linatengenezeka chini ya turubai na linadondokea magunia ya juu. Watu wanalaumu mvua ambayo haijanyesha. Linamfaa mtu wa saruji, mbolea, sukari, vitu ambavyo tone moja ni hasara.

Kanvasi la pamba linapumua na ndo sifa yake kubwa, nafaka na kahawa zinalipenda. Likiwa kavu ni jepesi kidogo kuliko PVC, likilowa utajuta kuzaliwa. Mvua ya kawaida inalishindwa maana nyuzi zinavimba na kubana, mvua ya masaa mengi au mahali linapogusana na mzigo linaanza kupenyeza. Ukilikunja bichi wiki moja linaota ukungu na kuoza. Kushona unaenda kwa fundi yeyote wa viatu. Linamfaa anayebeba mazao na ana mahali pa kulianika, bila pa kuanika usilinunue.

Lile jepesi la plastiki la bluu au la rangi ya machungwa, kwa mita 104 zetu halifiki kilo 20, mtu mmoja analipandisha. Bei ndogo. Upepo unalichana kwenye matundu ya kamba, jua linalimaliza haraka. Halistahili matusi yote linayopewa: kwa safari fupi ndani ya mkoa, au kama la ndani chini ya kanvasi kipindi cha masika, linafanya kazi safi. Kuliweka peke yake kwenda Lubumbashi ni kucheza na mali ya mtu.

Mchanga, kokoto na takataka zinataka neti, hazitaki turubai zito, muhimu visidondoke kwenye kioo cha aliye nyuma.

Namna ya kulivika ni ileile kwa yote na watu wanakosea kila siku: ukiwa na maturubai mawili anza na la nyuma, la mbele lije juu yake ili upepo upite juu ya kiungio, usiingie chini. Mikunjo ya mbele ielekee nyuma. Katikati ya mzigo inyanyuke kidogo, panga safu ya mwisho ya magunia kama mgongo ili maji yashuke, bwawa likijitengeneza juu ni uzito na ni tundu linakuja. Kamba zivuke juu ya turubai, usitegemee zile za kwenye matundu peke yake. Na kama mzigo ni wa transiti uliza mapema kuhusu waya wa forodha na sili, turubai lenye matundu yaliyochanika litakataliwa.

Kwa hali yako wewe

Saruji au mbolea kwa mifuko: panga kwa kupishana, sogeza mpaka ukuta wa mbele, belti na kona zake, PVC juu, kamba kwenye turubai. Usikaze belti mpaka ikate mfuko wa juu.

Nondo za mita 12 ni hatari kuliko zinavyoonekana, chuma kwa chuma kinateleza kama hakuna kesho na kinachokuja mbele ni mikuki. Weka mbao chini na kati ya bando, zungusha belti au cheni kwenye bando lenyewe ilibane kabla ya kulifunga kwenye bodi. Usitegemee kupitisha juu tu. Cheni ni bora hapa kama zipo, belti nzuri zenye kinga ya kingo zinatosha pia.

Mbao kutoka Mafinga au nguzo za umeme: nguzo za pembeni za chuma kwanza, halafu belti. Mbao bichi zinakaa na kushuka njiani, zitalegea hata ukaze vipi, kwaio mpango wako uwe ni kukaza tena. Kanuni za Marekani zinasema ukague ndani ya kilomita 80 za kwanza, baada ya hapo kila kilomita 240 au masaa matatu, kinachotangulia. Ukitoka Dar mizani ya Vigwaza inaangukia vizuri, ukitoka Mombasa Mariakani iko karibu zaidi na haidhuru. Na kagua Doma kabla hujaingia hifadhi ya Mikumi, kule ndani kuna matuta ya kulegeza kila kitu na haturuhusiwi kushuka, turubai likifunguka utaliangalia kwenye kioo mpaka utokee upande wa pili.

Katodi za shaba (yale mabamba ya shaba) kurudi Dar: bando moja ni tani mbili na zaidi, mzigo ni mfupi kwenda juu kwaio belti zinalala, kumbuka ile pembe. Mikeka ya raba, kuzuia kwa mbao zilizopigiliwa, na cheni au belti nyingi. Wengine wanafunika kwa turubai bovu la zamani makusudi ili mzigo usivutie macho, siwalaumu, kwenye milima lori linapotambaa usiku vijana wanapanda.

Mazao ya shamba, magunia na tenga, barabara ya vumbi, kupakua sehemu tatu kwa siku: kamba na kanvasi. Usiruhusu mtu akuuzie belti ishirini kwa kazi hiyo, mbili tatu za kubana nyuma zinatosha.

Mashine: cheni nne, na kijiko au bumu (mkono wa mashine) lifungwe peke yake kwa ya tano.

Mtaji mdogo na mizigo ya kubahatisha, leo mabati kesho mitumba: anza na belti kama nane hadi kumi zenye lebo, mikeka ya raba (mpira wa konveya uliotumika unakatwa vizuri tu), kamba za kutosha, na PVC mbili. Cheni azima au kodi siku dili la mashine likija.

Na kama unachobeba ni makontena, haya yote hayakuhusu. Hela yako ipeleke kwenye twisti loki nne (zile kufuli za kwenye trela zinazoshika kona za kontena) zinazofunga kweli, na trela lisilo nazo usilibebeshe kontena hata kama ni tupu na hata kama una belti za nchi nzima.